Kodi, Pango na Rufani: Uhakiki wa Istilahi za Kodi ya Majengo

Miaka michache iliyopita nilikaa nusu siku nzima kwenye benchi la ofisi moja ya kata huko Temeke nikingoja muhuri. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja mtu mzima, mwenye nyumba yake ya vyumba sita upande wa Mbagala, ameshika kikaratasi alichoandikiwa na mpangaji. Kijana aliyekuwa mezani alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha mazungumzo yakaendelea hivi:

"Nimekuja kwa habari ya kodi, mwanangu."

"Kodi ipi, mama? Ya ardhi au ya jengo?"

"Kodi ya nyumba."

"Hiyo si yetu, mama. Hiyo wewe ndiye unayewadai wapangaji wako."

"Ndiyo hiyo hiyo. Mpangaji ameikata."

Ilichukua robo saa kufahamu kwamba mpangaji alikuwa amepunguza kodi yake ya mwezi kwa sababu ya kodi iliyokatwa na mita ya umeme, yaani alikuwa amelipa kodi ya mwenye nyumba, akaitoa katika kodi aliyopaswa kumlipa mwenye nyumba. Sentensi niliyoiandika hivi punde ni Kiswahili sanifu, haina kosa la sarufi, na msomaji akiifahamu kwa mara ya kwanza basi yafaa apongezwe.

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno tunayoyatumia katika kuthamini, kukadiria, kutoza na kupinga kodi ya majengo, nami nitachukua mifano zaidi katika vitongoji vya nje vya Dar es Salaam, upande wa Kinondoni na upande wa Temeke. Rai yangu ni kwamba maneno hayo, moja moja, mengi yake ni mazuri. Walakini yakiwekwa pamoja yanamficha mwananchi mlango wa kuingilia anapotaka kulalamika. Jambo hili si la wataalamu wa lugha peke yao. Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, neno linalochaguliwa na mfasiri leo ndilo litakalomfunga mtu kesho.

Na tuanze na neno kodi lenyewe. Katika Dar es Salaam neno hili lina mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni Serikali, ambayo hutoza kodi. Bwana wa pili ni mwenye nyumba, ambaye hupokea kodi. Kutokana nalo tunapata kukodi na kukodisha, vitendo ambavyo havihusiani kabisa na hazina ya taifa. Zamani mambo hayakuwa hivyo kwa kila mtu: amri ya Wajerumani ya mwaka 1897 iliweka kodi juu ya kila nyumba na kibanda, ikaanza kutozwa mwaka 1898, na Waingereza wakaendeleza mtindo huo kwa sheria yao ya mwaka 1922. Kwa wazee wa wakati ule kodi iliyotajwa pamoja na nyumba ilikuwa mkono wa dola. Leo kwa kijana wa Tandika "kodi ya nyumba" ni fedha anayompa mwenye nyumba, mara nyingi ya miezi sita kwa mkupuo. Maana imegeuka, jina limebaki.

Lugha yetu haina umaskini hapa. Tunalo neno pango, lililozaliwa na kitenzi panga, na ndugu zake ni mpangaji na upangaji. Laiti ofisi zetu zingeliachia neno pango kazi ya makubaliano kati ya mwenye nyumba na mpangaji, na neno kodi kazi ya Serikali, nusu ya robo saa ile ingeliokolewa. Lakini tazama lililotokea. Wenye dhamana ya ardhi walilichukua neno pango kwa ajili ya malipo ya kila mwaka ya kiwanja, nao walikuwa na haki, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema ardhi yote ni ya umma na iko mikononi mwa Rais. Anayekaa juu yake ni kama mpangaji wa taifa. Kwa hiyo "pango la ardhi" ni istilahi iliyofikiriwa vema. Kisha, kana kwamba pango peke yake halitoshi kumtisha mtu, matangazo yakaanza kuandika "kodi ya pango la ardhi". Hapo tunarudi tulikotoka. Mfasiri anayekutana na maneno hayo, na siku ya pili akakutana na "kodi ya zuio ya pango", ambayo ni sehemu ya kumi inayozuiwa na baadhi ya wapangaji na kupelekwa kwenye Mamlaka ya Mapato, ana haki ya kuuliza kama pango hilo ni moja au ni mawili. Ni mawili. Pendekezo langu ni fupi: "pango la ardhi" liandikwe bila kodi mbele yake.

Nionye pia kwamba "kodi ya majengo" haisafirishwi ovyo kuvuka mpaka. Sheria yetu ya mwaka 1983 juu ya kodi hii katika mamlaka za miji ililenga jengo na maendelezo yake, ikaiacha ardhi. Nairobi kwa miaka mingi ilifanya kinyume: ilitoza kwa kuangalia thamani ya kiwanja, bila kuhesabu kilichojengwa juu yake. Mwalimu anayefundisha somo la uraia kwa vitabu vya pande zote mbili asidhani kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Sasa tuje kwenye thamani. Sheria ile ya 1983 ilitaka kila jengo lithaminiwe: kwanza kwa bei ambayo lingeuzwa sokoni, na kama bei hiyo haijulikani, kwa gharama ya kulijenga upya, baada ya kupunguza uchakavu. Kazi hii twaiita uthamini, na aifanyaye ni mthamini. Sheria ya mwaka 2016 ya uthamini na usajili wa wathamini imeyapa maneno haya nguvu, ikamweka na Mthamini Mkuu wa Serikali. Istilahi ni nzuri. Ina hatari moja tu, nayo ni ya sikio. Mthamini na mdhamini hutofautiana kwa sauti moja, na wengi wetu mijini hatuitamki tofauti hiyo sawasawa. Rais ni mdhamini wa ardhi iliyo chini ya nyumba. Mthamini ni mtu wa kupima thamani ya nyumba iliyo juu ya ardhi. Neno la kwanza latokana na dhamana, la pili latokana na thamani. Nimeona barua ya mjumbe wa nyumba kumi ikimwomba "mdhamini wa manispaa" aje apime nyumba, na sikushangaa. Dawa yake ni darasani, si katika kubadili neno.

Tathmini ni habari nyingine. Asili yake ni mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupatia thamani, lakini katika Kiswahili cha leo imejitenga. Kila mwalimu anaijua safu ya tathmini mwishoni mwa andalio la somo: hapo hapana bei, pana kupima kama somo limeeleweka. Anayeandika "tathmini ya nyumba" akiwa na maana ya bei yake anairudisha Kiswahili nyuma. Tathmini ibaki ya kazi na mipango. Uthamini ubaki wa mali.

Lakini uthamini wenyewe uko wapi? Hapa ndipo uhakiki wa istilahi hauna budi kuingia katika historia ya utozaji. Manispaa tatu za Kinondoni, Ilala na Temeke zilipoundwa mwaka 2000, kodi hii ilikuwa miongoni mwa mapato yake makuu, na nyumba nyingi sana, hasa zilizojengwa bila kupimiwa viwanja, hazikuwa katika daftari la uthamini. Mwaka 2008 kazi ya kukusanya katika Dar es Salaam ikapewa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2014 ikarudi kwa manispaa. Julai 2016 ikaondoka tena. Kisha, kati ya mwaka 2017 na 2018, thamani ikawekwa kando na viwango mfuto vikashika nafasi yake: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na mijini shilingi 50,000 kwa kila ghorofa. Mwezi Agosti 2021 makato yakahamia kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa ghorofa. Mwaka 2023 yakapandishwa kuwa 1,500 na 7,500.

Nisimame kidogo kwenye neno mfuto, kwani sisi wahakiki hulaumu zaidi kuliko kusifu. Fundi seremala akisema mlango wa mfuto ana maana ya mlango bapa, usio na nakshi wala mapambo. Aliyelichukua neno hilo kutoka karakana na kulitia katika hotuba ya bajeti alifanya kazi njema kuliko kamati nyingi: kiwango mfuto ni kiwango kisicho na nakshi, hakiangalii nyumba ni ya nani wala imepambwaje. Wapo wanaolisikia kama kwamba latokana na kufuta, wakadhani deni limefutwa. Lakini kosa hilo halidumu baada ya mita kukata mara moja. Na kwa kuwa tumeitaja mita, LUKU ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Kodi isiyojali kabisa kadiri ya matumizi imepanda ndani ya jina linaloahidi kinyume chake. Sina pendekezo juu ya hilo.

Ugumu ulio mkubwa zaidi umo katika maneno ya kulalamika. Hatua za jambo hili ni nne, nazo ni tofauti: kupima thamani, kukokotoa kodi inayotokana na thamani hiyo, kumwandikia mtu kwamba hakubaliani na hesabu, na kupeleka shauri mbele ya chombo kingine baada ya kukataliwa. Kwa hatua ya pili tunasema makadirio. Ni neno lililokwisha kuzoeleka, lakini ni lile lile linalotumika kwa makadirio ya mapato na matumizi ya Serikali, ambayo kila mtu ajua kwamba ni makisio ya mbele na huenda yasitimie. Mwananchi akipokea hati iliyoandikwa makadirio ya kodi anadhani ni bei ya kuanzia, kama sokoni Kariakoo. Anangoja aitwe kujadiliana. Wakati angali anangoja, siku zinahesabiwa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa siku 30 tu za kuleta pingamizi, na inamtaka aweke kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi kile asichokibishia, chochote kilicho kikubwa. Makadirio haya, basi, si makadirio kwa maana ya nyumbani. Ni uamuzi. Ningependelea hati hizo ziandikwe "uamuzi wa kodi", na neno makadirio libakie kwa ile hesabu ya awali ambayo mlipaji huileta mwenyewe.

Pingamizi ni istilahi safi kwa hatua ya tatu. Tatizo lake ni kitenzi chake. Mtu hupeleka pingamizi, lakini katika mazungumzo husemwa kwamba "anapinga kodi", na kupinga kodi masikioni mwa mzee wa Keko au wa Mtoni ni kukataa kulipa, ni kushindana na Serikali. Nimewasikia watu wazima, wenye haki wazi, wakisema hawataki kupinga, wao ni raia wema. Tofauti kati ya kuipinga kodi na kuipinga hesabu ya kodi haimo katika kitenzi, hivyo hatuna budi kuitia katika nomino: tuseme kila mara "pingamizi la hesabu" au "pingamizi la uamuzi", tusiliache neno likitangatanga peke yake.

Hatua ya nne ni rufani. Katika Tanzania rufani na rufaa hupigania nafasi moja. Mahakama yetu ya juu ni Mahakama ya Rufani, ambapo jirani zetu wa Kenya wana Mahakama ya Rufaa. Na vyombo vyetu vya kodi, vilivyowekwa kwa sheria ya mwaka 2000, ni Bodi ya Rufani za Kodi na Baraza la Rufani za Kodi. Kwa upande mwingine hospitali zinazopokea wagonjwa waliopelekwa kutoka chini huitwa hospitali za rufaa. Mgawanyo huu, hata kama haukupangwa, wafaa kulindwa: rufani kwa mashauri, rufaa kwa wagonjwa.

Lakini msomaji asiyejua, akiambiwa kuna Bodi na kuna Baraza, ajuaje ipi iko juu? Maneno yenyewe hayasemi. Ukweli ni kwamba anayekataliwa pingamizi huanzia kwenye Bodi, akishindwa huenda kwenye Baraza, na baada ya hapo Mahakama ya Rufani. Na neno baraza limekwisha kubeba mizigo mingine: kuna Baraza la Kata, kuna Baraza la Madiwani, na kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hili la mwisho ndilo mtego. Mtu ana shauri linalohusu nyumba yake. Anasikia kwamba lipo Baraza la Nyumba, tena liko karibu. Anapanda daladala kwenda huko. Kazi ya Baraza hilo ni migogoro ya ardhi na nyumba, kodi si kazi yake, naye hurudishwa akiwa amepoteza siku kadhaa katika zile 30. Sheria ya 1983 nayo ilikuwa na chombo chake cha kusikiliza malalamiko ya uthamini, kwa hiyo wale waliowahi kulalamika enzi za manispaa wanamweleza jirani njia ambayo si yake tena. Yafaa kila hati ya kodi iandike jina kamili la chombo cha kwanza na cha pili, kwa kufuatana, katika sentensi moja isiyo na vifupisho.

Huenda mtu akauliza: kwa shilingi 18,000 kwa mwaka, nani atakwenda kwenye Bodi? Swali ni la haki. Chini ya viwango mfuto hapana thamani ya kubishania. Kilichobaki kubishaniwa ni jina: nyumba hii ni ya kawaida au ni ghorofa, na ghorofa ngapi? Hivyo maneno ya mtaani, ambayo hakuna aliyeyaona kuwa ni istilahi, ndiyo yaliyochukua kazi ya mthamini.

Fundi wa Dar es Salaam akisema nyumba ya ghorofa moja ana maana ya nyumba yenye chini na juu. Mwingine, akihesabu kutoka mlangoni, huiita hiyo hiyo ghorofa mbili. Kwa viwango vya 2018 tofauti ya wawili hao ilikuwa shilingi 50,000 au 100,000. Zaidi ya hayo, ghorofa ni jengo zima na pia ni tabaka moja la jengo, kiasi kwamba "ana ghorofa tatu Mwananyamala" yaweza kuwa mali ya tajiri au nyumba moja nyembamba. Neno sakafu lingetuondolea mashaka, kwa kuwa sakafu ya chini nayo ni sakafu na hakuna atakayeisahau katika hesabu. Nalipendekeza kwa moyo wote.

Na "kawaida"? Huko Mbweni na Bunju zipo nyumba za vyumba kumi, zenye bustani na kuta ndefu, zisizo na ngazi hata moja. Hizo ni za kawaida. Tandale kuna kijumba cha chumba juu na chumba chini, ngazi yake ya mbao. Hicho ni ghorofa. Kosa hapa si la lugha, ni la kipimo, ila lugha imekubali kulifunika. "Nyumba isiyo na ghorofa" ingesema kweli bila kusifu wala kudharau. Vile vile kuna pagale. Chamazi yote yajua pagale ni nini: nyumba iliyokwama kwenye kuta, madirisha yamezibwa kwa mabati, na ndani mna familia. Sheria ilisema juu ya nyumba inayokaliwa. Mlinzi anayelala katika pagale anaikalia au anailinda? Siku hizi swali hilo hujibiwa na mita: ikiwapo, pagale limekuwa nyumba.

Limebaki neno msamaha. Sheria yamwondolea kodi hii mtu aliyefikia miaka 60 kwa nyumba anayoishi mwenyewe, na tunaita msamaha wa kodi. Mwaka 2018 Serikali ilipofuta riba na adhabu za madeni ya kodi, tuliita pia msamaha. Hili la pili lilikuwa msamaha kweli, maana palikuwa na kosa la kuchelewa. Mzee wa miaka 60 hakukosa lolote. Kijana yule wa mezani, alipokwisha kufahamu shida ya mama wa Mbagala, alimwuliza umri wake, akamwambia huenda akastahili msamaha, aje na kitambulisho na hati za nyumba. Mama akamtazama kwa muda. "Msamaha wa nini, mwanangu? Mimi nimekosa nini?" Aliondoka, na sijui kama alirudi.

Kwa hali kama yake napendekeza "kutotozwa kodi", na nyumba yenyewe iitwe "nyumba isiyotozwa". Ni maneno mazito kidogo kwa kichwa cha fomu, nakiri. Wenzangu wenye jina jepesi zaidi walilete, ila lisiwe na toba ndani yake. Pia itafaa tuangalie neno makazi katika kifungu hicho, kwa sababu mama yule anaishi chumba kimoja na vitano amepangisha, na fomu ina nafasi ya jibu moja tu: ndiyo au hapana.